Ndege Zikipita kwa Safu, Zinaomba Nini?

Juni 1, 2024, Bungoma ilikuwa na sherehe mbili, ingawa iliyotangazwa ni moja. Iliyotangazwa ilikuwa Madaraka Dei ya 61, katika Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi. Ya pili ilipita juu ya vichwa vya watu: Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa Juni 1, 1964, kwa hivyo siku ile lilikuwa linatimiza miaka 60. Ndege zilipokatiza zikiwa zimejipanga, umati ulishangilia mngurumo na kasi. Na kila sikukuu ya kitaifa inapokaribia, hapa Matisi, Kitale, nasikia swali lile lile kutoka kwa vijana wenye video za Red Arrows, kikosi cha sarakasi za angani cha Uingereza, kwenye simu zao. Mbona ndege zetu hupita tu? Mbona hazipinduki, hazichori moyo kwa moshi, hazipishani pua kwa pua?

Jibu linalotangulia mdomoni ni pesa. Pesa imo, lakini haitoshi kueleza. Ujerumani ni tajiri na haina kikosi cha kitaifa cha sarakasi za jeti. Moroko si tajiri kama Ujerumani, lakini tangu miaka ya 1980 ina kikosi chake, Marche Verte, kinachotumia ndege ndogo za rafadha. Ukifuata historia ya vikosi hivi utaona kwamba vingi vilizaliwa wakati jeshi lilikuwa na ombi mahususi kwa wenye nchi. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kwa nini ndege zetu hazichezi, tuulize zinapopita zinaomba nini.

Tuanzie Uingereza. Jeshi lake la wanahewa, RAF, liliundwa Aprili 1, 1918. Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha Novemba mwaka huo, wakuu wa nchi kavu na wa majini walitaka kurudishiwa ndege zao, na jeshi hilo changa likawa hatarini kuvunjwa. Mkuu wake, Hugh Trenchard, alilitetea kwa hoja mbili, na zote zilionekana mwaka 1920. Ya kwanza ilitolewa katika Pembe ya Afrika. Mwanzoni mwa mwaka huo ndege 12 aina ya DH9 zilishambulia ngome za Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, kiongozi wa upinzani wa Wasomali, huko Somaliland, na vita vilivyowasumbua Waingereza kwa miaka 20 vikafika mwisho kwa wiki chache. Serikali ikaambiwa kwamba ndege hutawala koloni kwa gharama ndogo kuliko vikosi vya miguu. Hoja ya pili ilitolewa Julai 3 katika uwanja wa Hendon, London, ambako marubani walipiga vitanzi na kubiringika kwa safu mbele ya umati mkubwa. Maonyesho hayo yakawa ya kila mwaka. Katika baadhi ya miaka kilele chake kilikuwa igizo la ndege zikilipua ngome ya "wenyeji" wakorofi wa jangwani. Mtazamaji wa Hendon alicheka na kupiga makofi. Aliyekuwa ngomeni Taleh, Somaliland, hakuwa na tiketi.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kwamba sarakasi na mabomu vilikuwa mikono miwili ya ombi moja: tuacheni tuishi, tuna manufaa.

Marekani ilirudia ombi hilo mwaka 1946. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha, bajeti inakatwa, na kulikuwa na mpango wa kuunda jeshi la anga linalojitegemea, jambo ambalo wanamaji waliona lingewapokonya ndege. Aprili 24 mwaka huo Admeri Chester Nimitz aliamuru kiundwe kikosi cha maonyesho. Juni 15 kikosi hicho, kikiongozwa na Roy Voris, kiliruka hadharani kwa mara ya kwanza huko Jacksonville, Florida. Baadaye kikaitwa Blue Angels. Mlipa kodi aliyekuwa akitazama juu ndiye aliyekuwa mpiga kura wa mbunge atakayeamua bajeti.

Mwaka 1953 unastahili kutazamwa na Mkenya kwa jicho lake mwenyewe. Mwezi wa Mei, katika maonyesho ya ndege jijini Algiers, mtangazaji Jacques Noetinger alikiita kikosi kilichokuwa angani Patrouille de France, na jina hilo likashika hadi leo. Kikosi kinachobeba jina la Ufaransa kilibatizwa juu ya ardhi ya Afrika, mwaka mmoja na nusu kabla Waalgeria hawajaanza vita vya kuikomboa. Mei 25 mwaka ule, Jeshi la Anga la Marekani liliunda kikosi chake cha maonyesho, Thunderbirds, huko Arizona. Na hapa Kenya? Ndege za mafunzo aina ya Harvard zilikuwa zimefungwa bunduki na mabomu madogo, zikiwawinda wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Baadaye zikaja Lincoln, ndege kubwa za kudondosha mabomu. Mababu zetu waliijua ndege ya kijeshi kama kitu cha kukimbia. Jeshi lililozaliwa 1964 lilirithi kambi ya Eastleigh kutoka kwa Waingereza, na pamoja nayo likarithi woga huo. Lilihitaji kuaminiwa kabla ya kuhitaji kushangiliwa.

Sasa turudi kwa hoja ya pesa na tuipime kwa mfano mmoja. Mwaka ule ule wa 1964, Uswisi iliunda Patrouille Suisse. Kikosi hicho kilianza kwa ndege za Hunter, na tangu 1995 kikatumia F-5E Tiger. Kenya nayo ilinunua Hunter mwaka 1974, kisha ikapokea F-5E mwaka 1978. Ndege ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Na si hizo tu. Mapema miaka ya 1980 tulipokea Hawk 12 katika kipindi ambacho Red Arrows, walioanza 1965 kwa ndege za Gnat, walikuwa wamehamia Hawk. Hunter ndiyo iliyowapa sifa Black Arrows wa Uingereza mwaka 1958, walipopiga kitanzi wakiwa ndege 22 kwa mpigo huko Farnborough. T-38 waliyotumia Thunderbirds kuanzia 1974 ni ndugu wa F-5 kwa umbo na kwa kiwanda. Kwa hivyo vyombo tulikuwa navyo.

Tofauti ilikuwa idadi na kazi. Uswisi ilikuwa na Hunter 160 na F-5 zipatazo 110, na hakuna jirani aliyekuwa akidai ardhi yake. Sisi tulikuwa na Hunter sita. F-5 za kwanza zilizidi kumi kidogo tu, na ziliagizwa wakati mgumu. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, karibu hadi Nairobi, ilikuwa ya Uganda. Kitale na Bungoma zilikuwa ndani ya ramani hiyo. Upande wa mashariki, Somalia ilikuwa ikijiandaa kwa vita vya Ogaden. Ukiwa na ndege kumi na kitu, ukatoa zilizo kwenye matengenezo, ukazifunga sita kwa mazoezi ya sarakasi, umebaki na nini cha kulinda mpaka? Jeti za Kenya zilinunuliwa zikiwa na kazi tayari. Hazikuhitaji kuomba ruhusa ya kuishi kama zile za Trenchard na Nimitz.

Ombi lao lilikuja baadaye, na lilizaliwa mwaka 1982. Ili kulielewa ni lazima kwanza tujue safu ya ndege inavyoshikiliwa.

Katika safu iliyobana, rubani wa pembeni hatazami mbele. Hatazami ardhi wala vipimo vyake, ila kwa kuiba jicho. Macho yake yameganda kwenye ndege ya kiongozi. Amechagua alama mbili, tuseme taa ya ncha ya ubawa na nembo iliyo ubavuni, na kazi yake yote ni kuhakikisha alama hizo haziachani. Zikiachana kidogo, anaongeza au anapunguza nguvu ya injini kwa kiasi kidogo mno, mara nyingi kwa dakika. Kiongozi akigeuka ghafla, kosa hukua linapopita kutoka ndege moja hadi nyingine, na wa mwisho ndiye anayerushwa kama mtoto wa mwisho kwenye mnyororo wa mchezo. Ndiyo maana sifa ya kwanza ya kiongozi ni ulaini wa mkono. Anajua kwamba wale wengine wamempa macho yao.

Januari 18, 1982 ulimwengu uliona gharama ya imani hiyo. Thunderbirds walikuwa kwenye mazoezi huko Indian Springs, Nevada, ndege nne za T-38 zikiwa bega kwa bega katika kitanzi. Zikishuka, ndege ya kiongozi haikuweza kuinua pua. Uchunguzi wa jeshi ulitaja hitilafu katika mfumo wa usukani wa mkia. Wenzake watatu, macho yakiwa kwake, hawakuachana naye. Wote wanne walikufa jangwani ndani ya sekunde moja au mbili.

Miezi sita na nusu hivi baadaye, Agosti 1, imani ya namna hiyo ilijaribiwa Kenya kwa njia nyingine kabisa. Askari wa Jeshi la Wanahewa wakiongozwa na Hezekiah Ochuka waliteka kituo cha redio na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kule Nanyuki, marubani watatu, Meja David Mutua na Makapteni John Mugwanja na John Baraza, walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege zilizobeba mabomu, F-5 mbili na Strikemaster moja, waende kulipua Nairobi, Ikulu ikiwa miongoni mwa shabaha. Mwasi mmoja, Koplo Bramwel Njereman, aliandamana nao hewani ili kuhakikisha amri inatekelezwa. Walipokuwa angani marubani walifanya kile ambacho vijana wa Matisi hukitazama kwenye simu. Walikata kona kali, wakapanda na kushuka kwa nguvu, hadi mtu asiyezoea akalemewa na uzito wa mwili wake mwenyewe. Katika kona ya namna hiyo mwili wa kilo 70 unaweza kuhisi kama kilo 300 au zaidi. Damu hushuka miguuni na macho huingia giza. Rubani amefundishwa kukaza misuli na kupumua kwa mpango. Abiria mwenye bunduki hajafundishwa. Mabomu yaliangushwa katika msitu wa Mlima Kenya, na ndege zikarudi Nanyuki.

Kisa hicho kinastahili kufundishwa kila mahali historia ya sarakasi za angani inapofundishwa, kwani kinavunja dhana kwamba kupinduka na kubiringika ni mapambo. Sarakasi ni ustadi wa vita, na asubuhi ile ulitumiwa kukataa amri haramu.

Hata hivyo jeshi zima lilihukumiwa. Serikali ililivunja, ikaliweka chini ya uongozi wa Jenerali Mahamoud Mohamed kutoka jeshi la nchi kavu, na kwa miaka kadhaa likaitwa '82 Air Force. Lilirejeshewa hadhi yake mwaka 1994. Jaribu kufikiria, msomaji, ni afisa gani katika miaka hiyo angethubutu kupeleka barua akiomba ndege sita zipakwe rangi na zipewe nafasi ya kucheza juu ya jiji ambalo zilikuwa zimetumwa kulilipua.

Hapo ndipo kupita kwa safu kulipopata maana yake ya Kenya. Ndege zinatokea upande uliotangazwa, kwa dakika iliyotangazwa, kwa kimo kilichotangazwa, mbele ya Amiri Jeshi Mkuu, kisha zinaondoka. Hakuna anayetoka kwenye mstari. Mtu asiyejua 1982 ataona onyesho lenye uvivu. Anayeijua ataona kiapo kinachorudiwa kila mwaka. Ombi la jeshi letu halikuwa bajeti wala vijana wa kujiunga. Lilikuwa moja: tuaminini tena.

Na kiapo hicho si rahisi kukitimiza. Chukua Kanduyi. Helikopta inayoning'iniza bendera inakwenda polepole, labda kilomita 150 kwa saa. Ndege ya uchukuzi kama Y-12 inakwenda takriban mara mbili ya hapo. F-5 katika kupita kwa heshima inaweza kufika kilomita 650 kwa saa. Ukitaka zote zipite juu ya jukwaa la Rais zikifuatana kwa sekunde chache, huwezi kuziondoa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kila kundi linasubiri katika mzunguko wake, mbali na uwanja, na kiongozi wake anahesabu kurudi nyuma kuanzia sekunde ya kufika. Hotuba ikirefuka, mahesabu yote yanaanza upya huku mafuta yakiungua.

Ardhi ya huku nayo ina masharti yake. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kitale hadi Kanduyi ni kama kilomita 70, umbali wa dakika sita na nusu kwa jeti ya mwendo huo. Kutoka Kanduyi hadi mpaka wa Malaba ni dakika tatu tu. Kaskazini umesimama Mlima Elgon, mita 4,321. Jeti ya kilomita 650 kwa saa ikigeuka kwa kulala digrii 60 huchora duara lenye kipenyo cha karibu kilomita nne. Rubani kiongozi ana nafasi finyu kati ya mlima na nchi ya watu. Isitoshe, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kipimo cha mwendo kikisoma namba ile ile ya pwani, ndege kwa kweli inakwenda kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 10, na upana wa kona huongezeka kwa asilimia 20 hivi. Injini nayo inasukuma kwa nguvu ndogo kuliko Mombasa. Zile sarakasi za video nyingi hufanywa karibu na usawa wa bahari. Kuzileta huku ni kuanza hesabu upya.

Usalama pia una historia iliyoandikwa kwa damu. Agosti 28, 1988, katika kambi ya Ramstein huko Ujerumani Magharibi, ndege tatu za kikosi cha Italia, Frecce Tricolori, ziligongana katika onyesho la kuchora moyo na kuuchoma kwa mshale. Mojawapo iliangukia watazamaji. Watu 70 walikufa, marubani watatu wakiwemo. Baada ya hapo nchi nyingi ziliweka sheria kali kuhusu umbali kati ya ndege na umati, na kuhusu kuruka kuelekea watu. Kanduyi ilijaa watu ndani na nje ya uwanja. Kupinduka kwa jeti juu ya umati wa namna hiyo ni jambo ambalo hata Red Arrows wasingekubali kulifanya.

Je, basi tubaki na kupita tu milele? Naona hapana, na sababu yangu ni kwamba ombi limebadilika. Walioshuhudia 1982 wakiwa watu wazima sasa ni wazee. Kijana wa Matisi haliogopi Jeshi la Wanahewa; halijui tu. Halijui kwa kuwa linamjia mara moja kwa miaka mingi, kwa sekunde chache, likiwa limefunikwa na kelele. Wiki sita kabla ya sherehe za Bungoma, Aprili 18, 2024, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa rubani wa F-5 na kamanda wa zamani wa Jeshi la Wanahewa, alikufa na wenzake tisa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Alikuwa ametoka kukagua shule za Kaskazini mwa Bonde la Ufa zilizoathiriwa na ujangili. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya shule, na hiyo ndiyo njia ninayotaka jeshi liifuate.

Pendekezo langu ni dogo makusudi. Tusiguse F-5, kwani sarakasi hula uhai wa mabawa, na ndege hizo zina umri mkubwa na kazi ya kutosha. Tuige Afrika Kusini. Kikosi chao, Silver Falcons, hutumia ndege za mafunzo za Pilatus, na marubani wake ni walimu wa shule ya urubani ya Langebaanweg ambao hufanya maonyesho kama kazi ya ziada. Jeshi letu lina ndege za mafunzo aina ya Grob 120A, zilizotengenezwa kustahimili sarakasi, za bei nafuu kwa mafuta, zenye kasi ndogo na kwa hiyo kona fupi. Nne zatosha, pamoja na walimu wanne. Zisizunguke juu ya viwanja vya siasa. Zije katika viwanja vidogo vya ndege kama cha Kitale, siku ambayo haina hotuba, mbele ya wanafunzi waliosimama umbali uliowekwa na sheria. Zikimaliza, zitue. Injini zizimwe, marubani washuke, waulizwe maswali ya fizikia, ya mshahara na ya namna msichana wa Kiminini au Webuye anavyoweza kuketi kwenye kiti kile.

Vikosi vikubwa vya dunia viliundwa kuwaomba wananchi pesa, na vikafaulu. Jeshi letu liliomba imani kwa miaka 40 kwa kupita kwa mstari ulionyooka, na naamini limeipata. Sasa lina haki ya kuomba kitu kingine, yaani watoto wetu wenye vichwa vizuri vya hesabu, na haki hiyo inadai liwaonyeshe kazi yenyewe kwa karibu. Kamati ya Ulinzi ya Bunge inapojadili bajeti ijayo, mbunge yeyote wa Trans Nzoia au Bungoma anaweza kuuliza mafuta ya ndege nne za mafunzo kwa siku moja Kitale yanagharimu kiasi gani. Akishapata jibu, alilinganishe na gharama ya sherehe moja ya kitaifa.